Kumlisha Bosi Mwenye Meno Sita

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na sita. Najua wengine husubiri mpaka sitini, lakini hao hawajawahi kufanya kazi chini ya Dismas. Kazi yangu ilikuwa kumlisha. Niliianza Novemba, wiki tuliyomaliza mtihani wa kidato cha pili, na nimeiacha Januari hii kwa sababu kidato cha tatu shuleni kwetu wanalala bweni. Ni miezi miwili na siku kidogo. Nimeshaona walimu wakiagwa kwa keki na vitenge baada ya kazi nyepesi kuliko hiyo.

Haya nakuandikia wewe, Gaude mdogo wangu, mwanafunzi wa darasa la sita na mrithi wa kijiko saa ambazo hauko shule. Habari za mshahara na kupandishwa cheo sitagusa. Mshahara haukuwepo, na cheo nilichoanza nacho ndicho nilichotoka nacho, mama mdogo. Nitakueleza kazi tu. Soma mpaka mwisho kabla hujamsogelea yule mtoto na kitu chochote chenye mvuke.

Kama daftari hili limeokotwa na mtu mwingine, basi ajue kwamba Dismas ni mtoto wa dada yetu mkubwa, Skola. Baba yake anavua Wampembe, kule ziwani, na anapopata nafasi hupakia dagaa kwenye basi watufikie. Dada Skola anapika chapati kwenye mgahawa karibu na stendi ya Sumbawanga. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa kumi jioni akinuka mafuta. Sisi na mama yetu tunakaa Izia, upande ule ambao nyumba zimechoka kujengwa na mahindi yameanza. Novemba mvua zimeshashika, kwa hiyo mama anashinda na jembe. Mtu wa kubaki na mtoto alikuwa mimi. Nilimwita Bosi tangu siku ya kwanza kwa sababu alikuwa na upara, kitambi, na tabia ya kupiga meza akiwa hana la kusema.

Makabidhiano ya siku hiyo yalifanyika mlangoni, gizagiza, huku Dada Skola akitafuta kandambili ya pili.

"Uji uko kwenye chupa. Ukiisha, pika mwingine. Akilia mpe. Akilala usimguse."

"Na akicheka?"

"Fausta, nimechelewa."

Basi. Hayo ndiyo mafunzo kazini niliyopata.

Uji wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ukikiinamisha kikombe unakimbia kama una deni na mtu. Ulipikwa kwa unga wa lishe wa mama, na unga huo ulikuwa na mahindi, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga na kitu kingine ambacho mama alikuwa amekisahau. Wajumbe wengi kuliko kamati ya harusi, na kama kamati nyingi, kazi haionekani. Bosi alikuwa anakunywa vikombe viwili, tumbo linakaza kama ngoma, anabeua, analala. Baada ya saa moja anaamka analia. Nikadhani ni mtu wa hasira tu, labda upande wa baba yake.

Wiki hiyohiyo alitimiza mwaka na tukampeleka kliniki. Gaude, kliniki ya watoto utaijua kwa kelele. Kuna mizani inaning'inia kwenye boriti kama ya kupimia nyama, na kuna kikaptula cha kitambaa ambacho mtoto anavalishwa, kisha anatundikwa. Watoto wote wanalia, hata wale ambao hawajatundikwa bado, kwa mshikamano. Nesi anayepima ni mama wa makamo, mfupi, miwani imefungwa uzi, na akina mama humwita Mama Mizani akiwa hayupo. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kazi. Hakuniomba niwe mwanafunzi wake, na mimi sikumwomba.

Aliweka nukta kwenye kadi ya Bosi, akaiunganisha na zile za nyuma. Mstari ulikuwa umepanda vizuri mpaka mwezi wa nane, halafu ukalala chali.

"Mtoto anakula nini?"

"Uji," alisema Dada Skola.

"Na nini?"

"Uji wa lishe."

"Nimeuliza na nini."

"Mchana ugali na mchuzi wa maharage."

"Mchuzi au maharage?"

"Mchuzi."

"Mama, mchuzi ni maji yaliyopita karibu na maharage."

Hapo mimi nikacheka. Alinigeukia juu ya miwani.

"Na wewe binti, kipi kinakufurahisha?"

"Hakuna, shikamoo."

"Marahaba. Unasoma?"

"Kidato cha pili."

"Basi unajua kuandika. Andika."

Nikaandika nyuma ya daftari la Baiolojia, nimesimama, huku Bosi ananivuta sikio. Alisema tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake, ukilijaza maji chakula hakina pa kukaa. Uji uwe mzito, ukiuchota kwa kijiko na kukiinamisha unabaki umeng'ang'ania. Unga uwe wa nafaka moja au mbili, ulezi unatosha sana, vingine viongezwe bakulini. Milo mitatu kwa siku na miwili midogo katikati, na ziwa la mama liendelee. Kila mlo uwe na kitu cha kumjenga, iwe maharage, dagaa, yai, nyama au maziwa, uwe na majani au tunda, na kijiko cha chai cha mafuta au karanga zilizosagwa. Kila mlo ujae angalau robo tatu ya kikombe. Soda hapana. Chai hapana. Biskuti si chakula, ni karatasi yenye sukari. Maneno hayo ni yake.

Nilirudi nyumbani nimeshika daftari kama mtu aliyepewa uwaziri. Sijui kwa nini lilinishika vile. Nadhani ni ule mstari. Mimi mistari ya kulala chali naijua kutoka kwenye ripoti zangu za Hisabati na sijawahi kujali, lakini huu ulikuwa na jina la mtu mwenye meno sita.

Sasa vifaa. Bakuli ni lile la plastiki la bluu, lenye ufa juu, lisitumike kwa jambo lingine hata kama mama atakuambia ulichotee chumvi. Kijiko ni kile kidogo cha chai, si kikubwa, mdomo wa Bosi si lango la gereji. Kikombe cha kupimia kipo juu ya kabati. Kinu kidogo na mchi wake. Chekecheo. Sabuni, na sabuni ni ya mikono miwili, yako na yake, kwa sababu yeye mikono yake inatoka kwenye mabanda ya kuku moja kwa moja.

Dagaa wa Wampembe uwatoe vichwa na matumbo. Najua wewe huoni sababu. Mimi pia sikuona, mpaka nilipoonja unga wenye matumbo na nikaelewa kwa nini Bosi alinitemea usoni. Waoshe kwa maji moto, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha. Unga huo unakaa kwenye kopo lenye mfuniko na unaingia kwenye kila kitu, kwenye viazi, kwenye majani ya maboga, hata kwenye ugali laini. Kijiko kimoja, na usiongeze chumvi. Maharage uyachemshe yalainike kabisa, uyaponde na kuyapitisha kwenye chekecheo ili maganda yabaki juu. Karanga zisagwe ziwe laini kama mafuta ya kupaka. Punje nzima usimpe kamwe, wala usimwache peke yake anapokula. Unakumbuka ile siku ulipompa punje mbili "aonje tu," akageuka rangi, nikamlaza kifudifudi mapajani na kumpiga mgongoni mpaka zikatoka. Sikukusema kwa mama. Nakusema hapa.

Yai lilileta kikao. Mama yetu alisema mtoto akila mayai anakuwa mwizi.

"Mama, mimi utotoni nilikula mayai?"

"Hata moja."

"Na sukari ya kabatini huwa inaenda wapi?"

Alishika mpini wa jembe. Kisha akasema, "Lichemshe liive sana."

Maziwa tulichukua kwa Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, nikayachemsha yafure mara mbili. Majani ya maboga yalikuwa yamejaa kwa mvua. Maembe yalikuwa yanapanda kutoka bondeni, ndizi zilikuwepo. Kufika wiki ya pili Bosi alikuwa anakula vizuri kuliko mkuu wa shule. Viazi vilivyopondwa na dagaa na majani, rangi ya kijani kibichi, harufu inafika barabarani. Ulezi mzito na maziwa na karanga. Vipande vya ndizi, vipande vya yai, anavichukua mwenyewe kwa vidole viwili kwa heshima kama mtu anayeokota sindano. Bakuli likawa linarudi tupu kila mara. Nikajiona fundi.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu ambalo wewe umelizoea kiasi cha kutoliona. Mtoto wa nyumba yetu akianza kushika chakula, watu humwomba. "Nigawie." Akikunja mkono, wanasikitika. Akinyoosha, wanamsifu mpaka jirani asikie. Mama husema meno huota yenyewe, mkono ndio hufundishwa. Na ana sharti lake kwamba alichokupa ukile kweli. Ukimrudishia, unamfundisha kwamba kutoa ni mchezo.

Mimi ndiye niliyemfundisha Bosi. Ilinichukua asubuhi moja. "Bosi, nigawie," nafungua mdomo, anasukuma kipande cha ndizi mpaka kooni, nacheka, anacheka. Wiki ya kwanza alikuwa ananipa mimi tu. Wiki ya pili alikuwa anampa kila mwenye mdomo. Mama akirudi shambani, "Nigawie bibi," anapewa. Wewe ukitoka shule, unapewa. Mama Kulwa akileta maziwa, anapewa. Kulikuwa na mzee wa baiskeli, yule tunayemwita Babu Fundi, aliyekuwa akipita kila asubuhi kwenda kibandani kwake. Alianza kupita na kukaa. Wote walisema hawajaona mtoto mkarimu kama huyu, na mimi nikapokea sifa kwa niaba ya idara.

Katikati ya Desemba tukaenda kliniki ya pili. Nilivaa gauni la kanisani. Daftari lilikuwa na kurasa kumi na nne, kila mlo, kila siku, na niliona kabisa Mama Mizani akiwaonyesha wengine. Bosi akatundikwa, akalia, mshale ukatikisika, ukatulia. Ukatulia chini ya mwezi uliopita.

Mama Mizani alimpima tena. Akamtazama macho, akamshika tumbo, akauliza homa, akauliza kuhara, akauliza kama ziwa linaendelea. Akamchoma kidole kupima malaria, haikuwepo. Kisha akachukua daftari langu, akalisoma lote huku foleni inaguna.

"Chakula hiki ni kizuri," alisema. "Kinaingia?"

"Bakuli linaisha kila mara," nikasema.

"Sijauliza bakuli."

Nikanyoosha mkono kuchukua daftari langu, akalishikilia.

"Mwezi ujao uzito usipopanda, nitamwandikia alazwe hospitali," alimwambia Dada Skola, taratibu, si kwa ukali. "Atalishwa kule, wamchunguze. Nukta mbili za kushuka kwa mtoto wa umri huu sizichezei."

Tulipita matope ya pale kwenye daraja la miti, Bosi mgongoni kwa Dada Skola anapunga mkono kwa kila mtu kama diwani. Tulipofika alimshusha, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Fausta, kama umeshindwa niambie tu. Niache kazi."

Angenipiga kofi ningejua la kufanya. Dada Skola alitafuta ile kazi mwaka mzima. Nikamwambia anipe mwezi. Akaniangalia kama ananipima kwa mizani ileile, akasema, "Haya."

Usiku ule nilijiuliza swali la Mama Mizani mpaka likaniudhi. Kinaingia? Asubuhi nikachukua ukurasa mpya, nikaupiga mstari katikati. Upande mmoja nitaweka alama kila tonge likiingia mdomoni kwa Bosi. Upande wa pili nitaweka alama kila tonge likiingia kwingine, na herufi ya mwenye mdomo. Sikumzuia mtu. Nilitaka kuona tu, siku tatu, kama tunavyotazama panzi kwenye chupa maabara.

Siku ya tatu jioni nikahesabu. Upande wa Bosi ulikuwa mfupi kuliko upande wa dunia. Yai la asubuhi, yeye alikula pembe moja. Ndizi, anakula ncha. Kulikuwa na M za mama, na G zako, Gaude, nyingi kwa mtu mwenye mwili mdogo hivyo. Kulikuwa na K ya Mama Kulwa na B za Babu Fundi. Lakini herufi iliyoongoza ilikuwa F. Kila mlo ulianza na F. F alikuwa anaonja kama chumvi ipo, ilhali chumvi haiwekwi. F alikuwa anamchekesha mtoto ili afungue mdomo, halafu anafungua wa kwake. Nilirudia kuhesabu nikitumaini ni F ya Fundi, lakini Fundi nilimwandika B.

Ndipo nikaelewa kwa nini uzito ulishuka wakati chakula kimekuwa kizuri. Zamani alikuwa anakunywa uji ule wa kukimbia, na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuuomba. Nilipoboresha chakula niliboresha wateja. Na mtoto, kwa kuwa tumbo lilikuwa dogo na sifa zilikuwa nyingi, alikuwa anashiba makofi ya pongezi.

Nilimwambia Dada Skola tukiosha vyombo. Nilimpa daftari asome mwenyewe. Alisoma huku povu linamtiririka kwenye kiwiko.

"Kwa hiyo mwanangu anakonda kwa ukarimu."

"Kwa ukarimu wake na mdomo wangu."

Aliendelea kusugua sufuria moja ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Mimi ni mama yake na sikuliona," alisema. "Basi na mama yetu utamwambia wewe. Mimi siwezi."

Mama hakupenda. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Unataka nimfundishe mjukuu wangu kufunika bakuli."

"Nataka ashibe, mama."

"Wewe ulifundishwa hivyo hivyo. Ulikufa?"

"Sisi tulifundishwa tukiwa tunakimbia. Huyu hata kusimama anashika ukuta."

"Akishazoea kula peke yake, nani atamtoa uchoyo? Wewe utakuwa umeolewa huko."

"Nesi amesema atalazwa, mama. Kalamu alikuwa nayo mkononi."

Ungo ukasimama. Kisha ukaendelea. "Mimi sitamwomba tena," alisema baadaye. "Lakini wageni siwezi kuwafunga midomo, sijalelewa hivyo. Kama unaweza, wafunge wewe."

Alidhani nitaogopa. Niliogopa, ila nilikuwa nimeshaanza.

Wewe ulikuwa kesi rahisi. Ulilia kwa ajili ya yai siku mbili, siku ya tatu ukazoea. Mama Kulwa nilimweleza tu akasema "Ee, mbona hamkusema," na kuanzia hapo alikuwa anaweka maziwa mlangoni na kuondoka mbio kama mwizi. Kesi ngumu ilikuwa Babu Fundi.

Alikuja asubuhi, siku chache kabla ya Krismasi, manyunyu yanadondoka, pampu ya baiskeli chini ya kwapa. Bosi alikuwa kwenye mkeka, bakuli la bluu mbele yake, viazi na dagaa na nusu yai.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Bosi, mgawie babu."

Bosi akaangaza uso wote. Akachukua kile kipande cha yai, kikubwa kuliko vyote, akanyoosha mkono. Babu akainama. Na mimi nikaweka kiganja changu katikati.

"Babu, samahani. Naomba usile."

Babu alibaki ameinama.

"Ananinyima mtoto au unaninyima wewe?"

"Nakunyima mimi, babu. Mtoto hana kosa."

"Kipande cha yai."

"Ndiyo, babu. Uzito wake umeshuka, nesi amesema mwezi ujao analazwa. Kila anachokupa hakimrudii."

Alinyooka polepole, kiuno kikalia. Akaweka kofia sawa, akachukua pampu, akaondoka bila kuaga. Bosi alibaki amenyoosha mkono, haelewi. Nilimgeuza ule mkono ukaelekea mdomoni kwake mwenyewe, akala, ananiangalia kwa mashaka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na jembe begani. Amesikia yote. Nikasubiri. Aliweka jembe chini, akaingia jikoni, akatoka na sahani ya bati yenye viazi vyetu sisi wakubwa, akaiweka kwenye mkeka mahali anapokaa babu.

"Kuanzia leo mgeni ana sahani yake na mtoto ana bakuli lake," alisema. "Na mtoto ashibe kwanza ndipo agawe. Mkono wake usife. Lakini ashibe kwanza. Hii sahani mpelekee yule mzee, umwombe radhi."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mwombe radhi hivyo hivyo."

Nilikwenda. Babu Fundi alikuwa anavisha mnyororo, hakuinua kichwa. Nikasema maneno yangu ya radhi, nikasimama na sahani kama mhudumu wa mgahawani kwa Dada Skola. Aliizungusha pedali mara kadhaa.

"Kwetu tulikuwa tisa kwenye sinia moja," alisema.

"Wewe ulikuwa wa ngapi, babu?"

"Wa mwisho."

"Ulikuwa unashiba?"

Pedali ilizunguka, ikapunguza, ikasimama. Alipangusa mikono kwenye suruali, kwanza kiganja, halafu mgongo wa mkono.

"Lete hiyo sahani," alisema.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Krismasi ilipita na nyama, nikamkatia Bosi vipande kama punje za mchele, akanyonya na kutema. Wiki iliyofuata alipata mafua, siku mbili akakataa kila kitu isipokuwa ziwa la mama yake na embe. Hapo usilazimishe. Mtu ukimbana pua na kumsukumia kijiko, atakuchukia wewe na kijiko. Nilimpa kidogo kidogo, kila mara, vijiko vitatu, napumzika, vijiko viwili, nikimwangalia usoni na kumwongelesha. Anapenda kuambiwa habari za shule. Nimemfundisha mada yote ya mmeng'enyo wa chakula, na alikuwa anaitikia vizuri kuliko darasa letu. Alipopona nilimwongezea mlo mmoja kwa siku, wiki nzima, kurudisha milo iliyopotea. Mama alikuwa akirudi shambani, anaosha mikono, anakaa mbali kidogo na mkeka na kuuliza, "Ameshashiba?" Nikisema bado, anageuza uso kutazama mlimani. Nikisema tayari, anasogea, "Nigawie bibi," na Bosi anampa kipande cha mwisho, na mama anakila kweli, kwa sharti lake.

Kliniki ya tatu ilikuwa jana. Mimi naingia bwenini kesho, sanduku liko tayari, kwa hiyo nilijua kwamba hii ndiyo nukta yangu ya mwisho. Dada Skola aliomba ruhusa mgahawani. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili, kila mmoja anamfuta Bosi pua ambayo haikuwa na kitu. Usiku nilikuwa nimempima kwa kumnyanyua, nikaona amekuwa mzito, halafu nikaona labda mimi ndiye niliyechoka.

Akavalishwa kikaptula. Akatundikwa. Alipiga mateke, mshale ukawa unacheza, Mama Mizani akawa anasubiri, kalamu mdomoni. "Mtulize," akaniambia. Nikasimama mbele yake nikaanza na mmeng'enyo wa chakula, mate, umio, tumbo, nesi mwingine akawa ananishangaa. Bosi akaacha mateke, akanisikiliza. Mshale ukatulia.

Mama Mizani aliusoma mara mbili. Akaweka nukta, akapiga mstari kwa rula, akamgeuzia kadi Dada Skola. Ulikuwa unapanda. Si sana, bado uko chini ya mahali ulipotakiwa kuwa, lakini kichwa kimeelekea juu.

"Habari za hospitali tuziache kwa sasa," alisema. "Mwezi ujao nataka nukta nyingine kama hii." Halafu akaita, "Anayefuata."

Dada Skola alitoka nje kwanza. Nilimkuta kwenye ngazi, ameshika kadi kwa mikono miwili, anaufuata ule mstari kwa ukucha kutoka chini kwenda juu, kutoka chini kwenda juu.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona."

Aliikunja kadi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe, akajifuta uso kwa kitenge cha kumbebea mtoto.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Hajala kitu cha saa nne," alisema.

Tukakaa palepale kwenye ngazi, akina mama wanatupita. Nikamnawisha Bosi mikono kwa maji ya chupa, nikafungua kopo la ndizi na karanga, nikamshika Dada Skola mkono na kumwekea kijiko kiganjani.